Minazi Kumi na Mmoja ya Bi Mejumaa

Katika karamu ya kumuaga Mwero, mwenzangu wa idara ya kilimo tangu tulipokuwa vijana, nilipigiwa makofi kwa jambo ambalo kwa zaidi ya miaka ishirini nimeomba lisahauliwe. Karamu yenyewe ilifanyika Diani, katika ukumbi wa hoteli, na Mwero alikuwa amechangamka kama wachangamkavyo watu wanaostaafu wakiwa na afya yao. Alitutaja mmoja mmoja, kila mtu na kisa chake. Aliponifikia alisema, "Na huyu mnayemwona ametulia hivi, mwaka wa pili baada ya bendera yetu kupanda, alisafisha shamba la mfano Msambweni kwa siku tatu. Siku tatu! Sisi wengine tulikuwa bado tunawabembeleza wazee watuonyeshe mipaka." Watu walicheka, wakapiga makofi. Ningeweza kubaki kitini. Badala yake nilisimama, nikainamisha kichwa kama mtu anayeona haya kwa kusifiwa, kisha nikaketi na kuendelea kula. Tangu siku ile nimejikuta nikirudi katika mwaka ule mmoja, na kila nikirudi naona kwamba uovu wangu haukuwa mkubwa wa kutisha. Ulikuwa mdogo, wa kawaida, uliofanywa kwa adabu, na ndiyo maana umenichukua miaka mingi hivi kuuita kwa jina lake.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Nilikuwa na cheti cha chuo cha kilimo, baiskeli ya serikali na sanduku la bati. Nilipangiwa kijiji kimoja nyuma ya Msambweni, mwendo wa robo saa kutoka barabara kuu, na kwa kuwa serikali haikuwa na nyumba ya kunipa, nilitafutiwa chumba kwa Bi Mejumaa. Yeye alikuwa mwanamke wa makamo aliyeachwa na mumewe na kurudi kuishi katika mji wa kaka yake, Mzee Salimu. Mji, kama wanavyouita huko, maana yake ua mmoja wenye nyumba za ndugu. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa Kinango. Nyumba ya Bi Mejumaa ilikuwa ya udongo na makuti, yenye vyumba viwili, na changu kilipakana na jiko. Ukuta uliotutenga haukufika juu. Uliishia kimo cha mtu aliyeinua mkono, na kutoka hapo mpaka paani palikuwa wazi, ili moshi upite na kukausha makuti. Moshi ulipita, na kila neno lilipita pia. Nilijifunza kijiji kile nikiwa nimelala chali kitandani baada ya kazi, magharibi ikiingia, nikisikiliza nazi ikikwaruzwa upande wa pili na wanawake wawili wakizungumza.

Wa pili alikuwa Bi Nimwaka, jirani, mtu wa maneno. Ndiye aliyenipa jina la Bwana Kamba, kwa sababu sikuonekana popote bila kamba yangu ya kupimia nafasi za mimea. "Mpangaji wako huyo," nilimsikia akisema jioni moja, "siku nikifa atakuja na kamba alipime kaburi langu, aseme limepinda." Bi Mejumaa akamjibu, "Mwache apime. Wewe hata ukiwa hai umepinda." Wakacheka mpaka mmoja wao akakohoa. Kisha kililetwa chakula changu katika sinia ndogo iliyofunikwa kawa: wali wa nazi, samaki wa kupaka au mchicha uliotiwa tui zito, na siku za Ijumaa mkate wa kumimina. Mimi ninatoka upande wa Taru, ambako chakula cha kila siku kilikuwa sima na maziwa, na mvua ikikosekana, sima peke yake. Sikuwahi kunenepa maishani mwangu kama nilivyonenepa mwaka ule. Bi Mejumaa aliniita mwanangu, nami nilimwita mayo, yaani mama, kama kwetu, na neno hilo lilimfurahisha kwa kuwa ndilo lao pia. "Huyu ni mtu wetu," aliwaambia watu. Nadhani hapo ndipo kosa lilipoanzia. Afisa aliyetoka bara wangemweleza kila jambo pole pole kama anavyoelezwa mtoto. Mimi walidhani ninajua.

Kazi yetu wakati ule ilikuwa ya miguu na salamu. Nilitoka asubuhi, nikaingia mji mmoja baada ya mwingine, nikatoa shikamoo kwa wazee, nikakubali chai ya mkandaa isiyo na maziwa, nikauliza hali za wagonjwa, na mwishoni kabisa ndipo nilipotaja mbegu, nafasi na palizi. Niliipenda kazi ile, nalisema bila kujitetea. Lakini katikati ya mwaka mkubwa wangu alikuja kutoka Kwale na agizo. Kila tarafa ingekuwa na shamba moja la mfano kando ya barabara, la michungwa iliyopandwa kwa mistari, na wageni kutoka Nairobi wangekuja kulitazama. Kisha akanivuta kando, karibu na gari lake, akasema, "Kuna nafasi moja ya kwenda kusoma chuo kikuu. Jina moja tu litapelekwa. Nataka liwe la mtu mwenye kitu cha kuonyesha." Aliondoka, nami nilibaki nimeshika usukani wa baiskeli, nikiwa tayari nimeshaanza kusoma.

Palipofaa palikuwa mahali pamoja tu, upande wa mji wa Mzee Salimu unaotazama barabara. Nilimwendea nikiwa na karatasi zangu. "Mzee, shamba lile ni la nani?" nilimuuliza. "Ni langu," alisema. "Serikali inaomba kupanda michungwa hapo. Matunda yatakuwa yako." Alifikiri kidogo, akasema, "Chukua shamba. Panda." Tulishikana mikono. Katika shamba lile ilisimama minazi kumi na mmoja, mirefu, iliyopandwa bila mpango wowote, mmoja huku, miwili kule. Nilichora mchoro wangu, mistari minane iliyonyooka, na minazi ile iliniharibia karibu kila mstari. Mwongozo wa idara uliruhusu kukata minazi mizee isiyozaa. Nikaandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwamba minazi itaondolewa, nikaupeleka mchoro Kwale. Kwetu Taru mwenye ardhi ndiye mwenye mgunga uliosimama juu yake, na haikunipitia akilini kwamba pwani swali nililouliza lilikuwa nusu tu ya swali. Hadi hapo nilikuwa mjinga, na ujinga una udhuru wake. Ninayoyaandika sasa hayana.

Wiki moja kabla ya wageni kuja, nilikuwa kitandani kama kawaida, jua likiwa linazama, nazi ikikwaruzwa. Bi Mejumaa aliuliza, kwa sauti iliyokuwa juu kidogo kuliko ilivyohitajika, "Hivi, Nimwaka, ile minazi ya upande wa barabara unajua ni ya nani?"

"Dada, umeanza kusahau? Ni yako. Mjomba wako alikupandia wewe ulipokatwa kitovu. Nani asiyejua?"

"Nakuuliza tu. Maana kaka ana shamba pale, lakini mnazi hana hata mmoja."

"Sema kwa sauti, wenye masikio wasikie."

"Nasema na wewe," alisema Bi Mejumaa. "Mimi katika mji huu nimerudi nikiwa mtu mzima, Nimwaka. Sikurudi kulishwa na wifi yangu. Nakula changu, natoa changu. Minazi ile ndiyo inayoniweka hapa."

Nilisikia kila neno. Nilielewa, pale pale, bila haja ya kufafanuliwa, kwamba Mzee Salimu alinipa udongo tu, na hakunitahadharisha kuhusu miti kwa sababu hakuna mtu wa kijiji kile ambaye angedhani kwamba kupewa shamba ni kupewa minazi ya mtu mwingine. Alitarajia nipande katikati yake, kama wanavyopanda wote. Nililala nikitazama makuti na kufikiri juu ya mchoro uliokwisha kufika Kwale. Sinia ilipoletwa niliipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikala wali wote. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshasoma vitabu vingi juu ya mila za watu wengine, ndipo nilipoelewa jambo jingine: kwamba maneno yale sikuyadukua. Yalikuwa yangu. Mwanamke wa heshima asingeweza kumkabili uso kwa uso mgeni anayekula kwake, tena mtu wa serikali, na kumwambia kwamba kaka yake ametoa kisichokuwa chake. Alichoweza ni kumwambia jirani, upande wa pili wa ukuta usiofika juu. Ile ndiyo iliyokuwa barua yake kwangu, na niliipokea, na nikajifanya kwamba haikufika.

Siku mbili baadaye kukawa na msiba Mwabungo, wa shangazi yao. Mji mzima ulijiandaa kwenda, isipokuwa Bi Nimwaka, ambaye hakuwa wa ukoo ule. Bi Mejumaa alikuja mlangoni kwangu akiwa amejitanda leso. "Mwanangu, sisi tunakwenda matangani. Tutalala siku tatu. Nyumba nakuachia."

"Haya, mayo. Poleni sana."

Hakuondoka. Alisimama akitengeneza leso ambayo tayari ilikuwa imekaa vizuri. "Huna neno?" aliniuliza.

"Sina neno, mayo."

"Basi, kuaminiana," alisema, akaenda.

Ningeweza kumwambia kwamba nimesikia. Ningeweza kupanda baiskeli hadi Kwale na kuomba mchoro wangu ubadilishwe. Mkubwa angenikemea kwa dakika tano na kunipa karatasi nyingine. Asubuhi iliyofuata nilileta vibarua wanne wenye mashoka. Niliwahimiza, na hilo ndilo Mwero alilolisifu Diani. Mnazi ukikatwa hauanguki kwa haraka. Hutetemeka makuti kwanza, kama mtu aliyeitwa jina, kisha hulala wote kwa pamoja, na ardhi huruka chini ya miguu ya aliyesimama karibu. Ule wa tatu ulianguka na nazi changa zaidi ya nilivyoweza kuhesabu kwa jicho, na kibarua mmoja alishusha shoka akanitazama. Bi Nimwaka alifika tukiwa kwenye wa tano. Hakuwa na mzaha siku hiyo.

"Bwana Kamba, umeuliza?"

"Nimeuliza, bibi. Shamba ni la Mzee Salimu."

"Shamba, ndiyo," alisema. Alisubiri nimalize sentensi yangu. Nilipoinama kupima, aligeuka akarudi kwake. Mchana vibarua walipasua kilele cha mnazi mmoja wakautoa moyo wake, ule mweupe unaopatikana mara moja tu katika uhai wa mti kwa kuwa mti hufa kwa ajili yake, wakanikatia kipande. Ulikuwa mtamu na baridi. Niliomba kipande cha pili.

Waliporudi kutoka Mwabungo, visiki vyote vilikuwa vimeshafunikwa kwa udongo na vigingi vyangu vilisimama mistari minane. Bi Mejumaa alipita kati yake, akisimama kila mahali palipokuwa na mnazi, mara kumi na moja, kisha akaingia jikoni na kuwasha moto. Jioni ile nililetewa sinia kama kawaida. Ningependa kuandika kwamba niliirudisha.

Wazee watatu waliitwa, tukakaa katika ukumbi wa Mzee Salimu, mikeka imetandikwa, buli la kahawa katikati. Bi Mejumaa na Bi Nimwaka waliketi karibu na mlango. Mkubwa wa wazee aliniuliza kwa upole ambao hadi leo unaniuma kuliko ukali wowote. "Bwana Shamba, wewe ni kijana wetu. Tunataka kujua tu. Kabla ya kukata, kuna mtu alikuambia kwamba minazi ile ilikuwa ya huyu dada yetu?"

"Hakuna aliyeniambia," nilisema.

Nilikuwa nimeyachagua maneno yale tangu asubuhi. Hayakuwa uongo ambao mtu angeweza kuushika mkononi. Hakuna aliyesimama mbele yangu akaniambia. Bi Nimwaka alivuta pumzi ili aseme, nami nikauona mkono wa Bi Mejumaa ukimshika goti na kulibana. Mzee Salimu alitazama mkeka. "Kosa ni langu," alisema. "Nilimwambia chukua shamba. Sikumwambia minazi iache." Mkubwa wa wazee akamgeukia Bi Mejumaa kumuuliza kama ana la kuongeza.

"Mgeni amesema hakuambiwa," alijibu. "Basi hakuambiwa."

Ikaamuliwa kwamba Mzee Salimu ampe dada yake miche kumi na mmoja ya minazi nyuma ya mji. Miche. Mnazi huchukua miaka sita au saba kabla ya kutoa nazi ya kwanza, na kila mtu mle ukumbini alijua hesabu hiyo kuliko mimi niliyefundishwa chuoni. Wageni wakaja, mmoja akauliza kama palikuwa na kitu hapo awali, na mkubwa wangu akanitazama nijibu. Nikasema palikuwa na minazi michache mizee iliyokoma kuzaa. Bi Mejumaa alikuwa amesimama na wanawake wengine, nyuma ya miche ya michungwa, umbali wa kusikia.

Tangu hapo wali wangu ulipikwa kwa nazi za kuombwa. Nilizisikia zikiombwa. "Wifi, nisaidie moja," sauti ya Bi Mejumaa ilisema uani, na mke wa Mzee Salimu alijibu, "Leo tena?" Hakusema kwa ubaya, alisema kama asemavyo mtu mwenye watoto saba. Lakini ilikuwa ni leo tena kila siku, na nazi nyingine kati ya hizo ziliombwa kwa ajili ya sinia yangu. Bi Nimwaka hakuja tena kuzungumza jikoni. Au pengine alikuja wakati ambapo sikuwapo. Kabla mwaka haujaisha, Bi Mejumaa alifunga vyombo vyake akahamia Kinango kwa binti yake, kwa mkwe, ambako maji huchotwa mbali na mnazi ni kitu cha kusimuliwa. Aliniachia ufunguo na akaniombea Mungu safari njema ya masomo, kwa kuwa barua yangu ilikuwa imeshakuja. Lazima niseme pia kwamba michungwa ile ilistawi. Watoto wa Mzee Salimu wamesomeshwa kwa michungwa ile, na nikipita barabarani naiona ikiwa imenyooka kama nilivyoichora. Kwa muda mrefu nilijaribu kuitumia kama jibu, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kama michungwa hustawi pale.

Baada ya karamu ya Diani nilijiambia nitakwenda Kinango kumwona. Niliahirisha mara moja kwa sababu ya mvua na mara mbili bila sababu. Mwezi uliopita nililetewa habari kwamba amefariki. Nilifika kabla ya mazishi. Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu, watu wamejibanza kwenye kivuli cha nyumba, na Mzee Salimu, mkongwe sasa, aliketi juu ya kiti peke yake. Nilimpa mkono. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwana Shamba." Alinijua bila kusita. "Ulisoma?"

"Nilisoma, mzee."

"Alhamdulillahi. Dada alikuwa akiuliza."

Nikainama karibu na sikio lake. "Mzee, mwaka ule, wazee waliponiuliza. Mimi nilikuwa nimesikia."

"Najua," alisema. "Nimwaka aliniambia hata kabla hatujakaa mkekani. Dada akanikataza. Alisema huyu anakula kwangu, siwezi kumvua nguo mbele ya watu. Mwacheni, atasema mwenyewe." Alipangusa macho yake kwa kanzu, pole pole. "Sasa kwangu unasemea nini, mwanangu? Mimi si mwenye minazi."

Jeneza likaletwa. Mimi si Mwislamu, lakini nilisimama nyuma ya safu pamoja na majirani wengine wa dini yangu. Kabla ya sala Mzee Salimu aliinuliwa na wajukuu wawili, akageuka kututazama. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilifika kwa kila mtu. "Jamaa, huyu ni dada yangu. Mmeishi naye. Kama yupo aliyekosewa naye, kwa neno au kwa kitendo, namwombea msamaha. Msameheni."

"Tumemsamehe," watu wakaitika.

Nami niliitika pamoja nao, kwa sauti, kama watu wengine wote: nimemsamehe.